Ziwa Lililogeuka Shamba

Nilipomaliza kidato cha nne, nyumbani hapakuwa na mtu wa kuniuliza ninataka kusomea nini. Baba alikuwa ameshazikwa, mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Homa Bay huku mgongo ukimsumbua, na wadogo zangu walikuwa bado shule ya msingi. Shangazi yangu aliyeolewa upande wa Migori akatuma habari kwamba huko kwenye tumbaku kibarua hakikosekani. Nikaenda na begi moja. Ndani nilitia nguo, sweta ya shule, na kitabu kimoja cha Kiingereza, chembamba, kisicho na jalada. Mwalimu wetu alikuwa amenipa kwa sababu kurasa zake zilishaanza kuachana na hakuna mwanafunzi mwingine angekitaka.

Tulifanya kazi kwenye banda la mabati kando ya shamba la mzee mmoja aliyekuwa na tumbaku nyingi kuliko majirani zake. Wanaume walivuna na kuchochea kuni kwenye tanuri la kukaushia. Sisi wanawake tulikaa chini, miguu imenyooshwa, tukifunga majani mabichi kwenye vijiti virefu. Jani la tumbaku lina utomvu unaoganda mikononi ukawa mweusi kama lami. Sabuni haiutoi. Tulisugua kwa majivu na mchanga, na bado ugali wa mchana ulikuwa mchungu kila ulipogusa vidole.

Siku yangu ya kwanza majani yalikuwa yamelowa umande. Kabla jua halijapanda vizuri kichwa kilinizunguka, nikatoka mbio kwenda kutapika nyuma ya banda. Mkono wa mtu ukanishika paji la uso kwa nyuma, ukanishikilia mpaka nikamaliza.

"Umekula?" akaniuliza.

"Hapana."

"Ndiyo maana. Tumbaku inapenda tumbo tupu. Kesho ukule kwanza, halafu ungoje umande ikauke. Msimamizi akipiga kelele, mwambie ni mimi nimesema."

Alikuwa mwanamke wa Kikuria, mjane, mkubwa kwangu kiasi cha kuwa mama yangu mdogo. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba kuni tangu utotoni. Mtoto wake mmoja alikufa kwa surua, mume akafuata, na shemeji zake walipoanza kubishana ni nani atakayemrithi, alifunga nguo zake kwenye leso akaondoka wakiwa bado wanabishana. Hayo alinieleza mara moja tu, bila machozi, kama mtu anayekuonyesha njia. Nikaanza kumwita dada. Yeye aliniita mdogo wangu.

Mimi sikujua Kikuria hata neno la salamu. Yeye alijua Kijaluo cha sokoni, cha bei na matusi. Kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, hicho chetu cha bara, tukikisukuma tu. Hakuna kati yetu aliyekinyonya kwa mama yake, na hakuna aliyemcheka mwenzake alipokosea. Nadhani ndiyo sababu tuliambiana mengi. Kuna mambo ambayo nisingeweza kumwambia mtu kwa lugha ya mama yangu, kwa kuwa ningemsikia mama akisikiliza.

Kile kitabu kilijulikana bandani kwa bahati tu. Nilikuwa nakisoma saa ya chakula, na mama mmoja mnene, Mjaluo aliyekaa karibu na mlango, akataka kujua kinasema nini. Nikaanza kukisimulia kwa Kiswahili, huku mikono ikifunga majani. Nikasema ni habari za Marekani ya zamani, za wanaume wawili wanaotembea shamba kwa shamba wakifanya kibarua. Mmoja ana akili, mwingine ana mwili mkubwa na akili ya mtoto. Wanatamani kashamba kao wenyewe.

"Ngoja," yule mama akanikatiza. "Hao ni watu weusi?"

"Wazungu."

"Mzungu kibarua? Mtoto, usitudanganye."

Banda zima likacheka. Nikaapa kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Hawakuniamini siku hiyo wala ya pili, lakini walitaka niendelee. Kila siku nilisimulia kidogo, nikiwaeleza wanavyolala kwenye bweni moja na vibarua wengine, wanavyopigiwa kelele na mwana wa mwenye shamba, na wanavyoambiana kila mara jinsi kashamba hako katakavyokuwa. Mzee mmoja aliyekuwa akileta kuni aliniuliza kwa nini wanaume hao hawaoi. "Wanaume wawili bila mke," akasema, "hata wakipata hiyo shamba, nani atapika?" Mama mnene akamjibu kwamba kuna wanaume wanaojua kupika, ila yeye hajawahi kumwona hata mmoja.

Niliwafikisha mwisho siku ambayo mvua ilikuwa ikipiga mabati, ikabidi nipaze sauti. Nikawaeleza jinsi yule mkubwa anavyoua bila kukusudia, jinsi kundi la watu linavyomsaka, na jinsi rafiki yake mwenyewe anavyomtangulia na kumwua ili wengine wasimfikie. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, halafu nikashika jani jingine. Mama mnene akaanza kuimba wimbo wa kanisa chinichini, akauacha katikati.

Dada hakuwa amesema chochote tangu nianze hadithi ile. Tulipokuwa tukinawa mikono jioni akaniuliza, "Hao watu walikuwa wanaongea juu ya hiyo shamba kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Na walikuwa na watu wengine wanasikia?"

"Mwishoni, ndiyo. Wengine walitaka kuingia nao."

Akasugua vidole kwa majivu. "Walikosea hapo. Kitu ukiisema kila siku, unashiba bila kukula. Mimi na wewe hatutaongea."

Sikumwelewa, kwa sababu hatukuwa na kitu cha kutoongelea. Ndipo akanieleza. Kwa muda mrefu amekuwa akitaka hoteli. Si ya kulala watu, hoteli ya chakula, yenye meza na mabenchi, na sufuria ambazo ni zake. Ni kweli alijua kupika. Saa ya mchana sisi vibarua tulichanga unga, yeye akasonga, na hata msimamizi alikuwa akija na sahani yake akijifanya anapita. Hakutaka kuifungua Kehancha, mji wa kwao, kwa sababu ya shemeji zake. Migori mjini hoteli zilikuwa zimejaa. Mimi nilikuwa nimemweleza bila kufikiri habari za Homa Bay, za samaki wanaofika asubuhi wakiwa bado wanatingisha mkia, na watu wa ofisini wanaoshuka kula ufuoni mwa ziwa. Yeye hakuwahi kuliona ziwa. Alizaliwa juu, kwenye mawe na mahindi, na maisha yake yote yalikuwa yamepita huko.

"Mama yako anauza samaki, anajua wavuvi," akasema. "Wewe unajua lugha. Mimi napika. Kuna nini ingine?"

"Hakuna," nikamjibu.

"Basi. Tumemaliza kuongea."

Na kweli, hatukuiongelea tena. Tulifunga tumbaku, msimu ukaisha, ukaja mwingine. Mikono ilichoka mpaka ikawa haisikii kitu. Wakati mwingine, tukiwa tumekaa kimya, niliona anapima kitu hewani kwa viganja, nikajua ni meza. Niliangalia pembeni. Tulijiona werevu kuliko wale watu wa kitabuni. Wao waliongea, sisi tulinyamaza na kuweka akiba. Siku moja, baada ya malipo ya mwisho wa msimu, aliniambia, "Tunaenda wiki hii." Sikushangaa. Nilikwenda kumuaga shangazi.

Tulifika Homa Bay asubuhi, mizigo yetu kichwani. Yeye alikuwa amebeba sufuria kubwa aliyonunua Migori, mpya, iliyofungwa kwa gazeti. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Tuliteremka moja kwa moja kuelekea majini kwa sababu alitaka kuliona ziwa kabla ya kuonana na mama yangu.

Nilikuwa nimesikia habari za gugu maji. Mama aliwahi kutuma neno kwamba limezidi. Lakini mtu akikuambia limezidi, unafikiri ni la pembeni, la kusukumwa kwa kasia. Tulipofika, sikuona maji. Kuanzia kwenye mchanga hadi mbali kabisa, mpaka vile vilima vya ng'ambo, ulikuwa ukijani mtupu, mnene, wenye maua ya zambarau. Ndege walikuwa wakitembea juu yake. Mashua zilikuwa zimekwama katikati kama zimeegeshwa kwenye majani.

Dada alisimama. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Ziwa iko wapi?"

"Ni hili."

"Hii ni shamba, mdogo wangu."

"Maji yako chini."

Akatua sufuria. Alichuchumaa, akang'oa gugu moja, akalichunguza mizizi, akaonja ncha ya jani na kutema. "Ng'ombe wanakula?"

"Sijui."

"Kama wanakula, sisi kwetu tungekuwa matajiri," akasema, akacheka. Nikacheka pia. Bado tulikuwa na nguvu za kucheka. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu karibu yetu alitutazama kama watu waliopotea.

Mama alitupokea vizuri. Alitutafutia kibanda kilichokuwa cha fundi viatu, karibu na soko. Tuliweka meza mbili na mabenchi. Dada alikandika sakafu mwenyewe, akachemsha maji, akasugua kila kijiko. Siku ya kwanza watu walikuja. Waliketi, wakaulizia samaki, "Kuna ngege?" Hakuna. "Mbuta?" Hakuna. Mashua zilizofaulu kutoka zililazimika kutua mbali, na samaki wachache waliopatikana walichukuliwa na wenye magari ya barafu kabla hawajafika sokoni. Mama yangu mwenyewe alikuwa akikaa siku nzima mbele ya gunia la omena wa zamani kutoka kisiwa cha Remba, waliovunjika wakawa unga.

Tukapika maharagwe. Tukapika sukumawiki na matumbo. Dada alisonga ugali wa wimbi kama wa kwao, mweusi na laini, wenye harufu nzuri. Wateja waliukodolea macho. "Hiki ni chakula cha watu gani?" wakauliza kwa Kijaluo, na mimi nikawajibu kwa Kijaluo, nikiwatania, nikiwabembeleza waonje. Baadhi walionja. Wengine walisema mtu wa ziwa hawezi kula hoteli isiyo na samaki, labda akiwa mgonjwa.

Hapo ndipo jambo jingine lilianza, na lilianza polepole mpaka sikuliona. Mchana kutwa nilikuwa kwenye meza nikiongea Kijaluo. Jirani zetu walikuwa Wajaluo, mama wa mboga alikuwa Mjaluo, mtoza ushuru vilevile. Dada alikuwa jikoni nyuma ya gunia lililotundikwa kama pazia. Alisikia tunacheka. Nikiingia kuchukua sahani nilimwambia kwa Kiswahili kile tulichokuwa tukicheka, lakini utani ukibebwa kutoka lugha moja hadi nyingine hufika umepoa. Baadaye nikaacha kumwambia. Wanawake wa soko walimwita jamwa, yaani mtu asiye Mjaluo. Hawakumtukana, ndilo neno walilokuwa nalo. Yeye alijua maana yake. Mama yangu alimpenda kweli, lakini alikuwa na Kiswahili cha kuuzia tu, kwa hiyo jioni walikaa pamoja wakichambua mboga, kila mmoja akiguna kwa zamu.

Kisha homa ikamshika. Sisi tuliozaliwa ziwani tunaugua malaria kama mtu anayepata mafua. Yeye alitoka juu, damu yake haikuwa imezoea, na mbu mwaka ule walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona, wakizaliwa kwenye yale magugu. Alitetemeka mpaka benchi likatetemeka. Tulimpeleka zahanati, akapewa klorokwini, ikamwasha mwili mzima. Alipona, akarudi jikoni, akaanguka tena. Alipona tena. Mabega yake yakapungua. Nilizoea kumwona akikaa chini mbele ya jiko, mwiko mkononi, akisubiri nguvu zije ili asonge.

Asubuhi moja nilimkuta anafuta meza ambazo hazikuwa na mtu. Hatukuwa tumepata mteja tangu juzi yake, isipokuwa fundi baiskeli aliyekuja kuomba maji. Alisema bila kugeuka, "Mdogo wangu, siku hizi unacheka kwa lugha yenu tu."

Nikavuta benchi, nikakaa.

"Sikulaumu. Uko nyumbani. Migori hakuna mtu alikuwa nyumbani, hata mimi. Tulikuwa sawasawa." Akakunja kitambaa. "Nimeota nikiongea na mama yangu. Nimeamka, nikakumbuka hapa hakuna mtu anajua jina la kitu yoyote vile mimi naijua."

"Nitajifunza Kikuria," nikasema. Niliona haya mara tu neno liliponitoka.

Akatabasamu. "Utajifunzia wapi? Na mimi nitakuwa nimekufa kwa homa."

"Gugu litaondoka. Watu wanasema upepo ukigeuka..."

"Nasikia. Lakini nimechoka kungoja upepo. Mimi si mvuvi." Kisha akaongeza, "Hatukukosea, unajua? Usikae ukifikiri tulikosea. Tulifanya vizuri yote. Haikutosha tu."

Nililia. Yeye hakulia. Aliniambia sufuria kubwa nibaki nayo kwa kuwa hoteli bila sufuria ni benchi tu, na nikamkatalia, tukavutana nayo pale mlangoni kama watu wanaogombana, kila mmoja akiisukuma kwa mwenziwe, mpaka mama yangu akaja mbio akidhani tunapigana. Mwishowe dada aliichukua. Nilimsindikiza hadi barabara ya Rongo. Alikuwa amevaa lile gauni la kanisani, na sasa lilimpwaya.

Wiki chache baada ya hapo upepo uligeuka. Tulilala ghuba ikiwa kijani, tukaamka kuna maji, mapana, yanang'aa, na gugu lote limesukumwa upande mwingine kuwasumbua watu wengine. Wavuvi walipiga makelele. Watu walishuka kutazama kama ni sherehe. Mimi nilisimama hapo na mama, na sikuhisi chochote isipokuwa usingizi. Mashua ziliingia, samaki wakaja, nikajaribu kuwapika. Sikuwa mpishi. Wateja walikula kwa adabu, wasirudi. Gugu nalo lilirudi baada ya muda, likaondoka, likarudi, na kabla mwaka huo haujaisha fundi viatu mwingine alikuwa amechukua kibanda. Mimi nikapata kazi ya kufundisha katika shule ya msingi ya wazazi karibu na Oyugis, mwalimu asiye na mafunzo, mshahara ukija unapotaka.

Nilimtafuta mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati wa likizo. Sikuwa na anwani yoyote, ila nilijua jina la kanisa alimobatizwa, na ukiuliza kanisani unafika. Nilimkuta nje kidogo ya Kehancha, mpishi katika shule ya bweni ya wasichana. Alikuwa kwenye jiko la kuni, moshi umemzunguka, akikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia. Mabega yalikuwa yamerudi kidogo. Nywele zilikuwa zimeota mvi.

Alinitazama muda mrefu. "Umekonda," akasema.

"Na wewe umezeeka."

"Kaa hapo. Sina mkono wa kukusalimia, huu una masizi."

Nikakaa kwenye gogo. Kiswahili chetu kilikuwa kimepata kutu pande zote mbili. Nilikuwa nimekuja na Kiswahili cha darasani, kilichonyooka, nikamwona anakisikiliza kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Akaniuliza kuhusu mama, nikamwambia mgongo umemlaza. Akaguna. Nikamwuliza kuhusu homa. Akasema haikumwacha kabisa, humjia mara moja moja mvua zikianza, na akitetemeka majirani humwambia ameleta ugonjwa wa Wajaluo. Tukacheka hapo, kidogo.

"Bado unafikiria hoteli?" nikamwuliza.

"Hapana." Alijibu haraka, kisha akapunguza moto. "Nafikiria miguu yangu. Hawa watoto wanakula sana. Jioni nikilala, nasikia bado nimesimama."

"Ungekuja kwetu tena?"

"Kukusalimia, ndiyo. Kukaa, hapana."

Alinipa chai ya maziwa katika kikombe cha shule, na kipande cha muhogo. Nilitaka kumwambia kwamba nimefundisha watoto wengi, nimekaa na walimu wengi, na sijapata mtu mwingine wa kukaa naye kimya. Kwa Kijaluo ningejua pa kuanzia. Kwa Kiswahili nilitafuta, nikapata tu, "Nimekukumbuka sana, dada."

"Najua," akasema. "Na mimi. Kunywa, itapoa."

Ilibidi nirudi siku ile ile. Alinisindikiza mpaka langoni tu, aproni mwilini, akatazama barabara kama kuna gari. Halikuwapo. Akasema hawezi kungoja, maharagwe yako motoni na hawa wasichana hawana mtu mwingine. Akanishika bega kwa mkono wake wenye masizi, akageuka, akarudi jikoni. Nilisimama pale langoni, nikisubiri gari, bila haraka ya kufika popote.